Kofia ya paa bila mlango wa upenuni ni pambo

Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa makazi, toleo la Jumamosi iliyopita, imenifanya niache chai hadi ikapoa. Mwandishi wenu anawaambia watu kwamba dawa ya joto la nyumba za mabati ni kununua kofia inayopumua, yaani lile bati la kufunika kilele cha paa ila lenye matundu, kuipigilia, basi, hewa ya moto itapanda na kutoka yenyewe. Nimefundisha fizikia kwa miaka 29, Korogwe na kisha hapa Tanga, na sentensi ile ningeitia wino mwekundu. Si uongo. Ni nusu ya kweli, na hiyo nusu iliyoachwa ndiyo iliyonilia sehemu ya kiinua mgongo changu.

Nyumba yangu ipo Sahare. Ina mita 12 kwa 10, paa la kawaida la pande mbili, bati la rangi ya mkaa (suala la rangi nitalirudia, maana hilo kosa ni langu, simsingizii fundi). Ndani nimeweka dari ya jipsamu yenye zile taa ndogo za duara zinazozamishwa. Upenu wote, yaani pale paa linapotokeza nje ya ukuta, niliuziba kwa plastiki nyeupe ya mistari, popo wasiingie na macho ya wapita njia yafurahi. Fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, juu yake, rangi, kazi ikaisha. Nyumba ikapendeza kweli. Ilipofika Januari, kaskazi imeanza na jua limesimama juu ya kichwa, sebuleni hapakukalika kuanzia saa saba mchana hadi baada ya Isha.

Nikafanya ambalo mwalimu wa fizikia angelifanya. Nilipanda darini na kipimajoto, nikakining'iniza kwenye kenchi ya katikati, ile fremu ya mbao inayobeba bati, nikakisoma saa nane mchana. Nyuzi 53. Nje, kivulini chini ya mwembe, 32. Tofauti nyuzi 21. Naomba wasomaji waishike hiyo tofauti, kwa sababu siku hazilingani. Kulinganisha joto la darini la leo na la mwezi ujao bila kupima la nje ni kujidanganya.

Duka moja la vifaa mjini likaniuzia kofia za matundu. Fundi akang'oa za zamani, akafunga mpya, siku moja kazi imekwisha. Wiki iliyofuata nikapanda tena: darini 52, nje 32. Nilishuka ngazi nikiwa nimenuna, na simu ya kwanza niliyopiga haikuwa ya heshima sana. Fundi akajibu, "Mama, hewa inahitaji muda kuzoea." Hewa izoee nini?

Sasa tuingie darasani kidogo. Ni kweli hewa ya moto ni nyepesi. Lakini je, inasukuma kwa nguvu kiasi gani? Chukueni paa ambalo kilele chake kimepita upenu kwa mita mbili, na hewa ya darini imeizidi ya nje kwa nyuzi 15. Ukikokotoa, msukumo unaopatikana ni kama paskali moja. Paskali moja ni ndogo mno: karatasi moja ya kuandikia, ile ya kawaida, ikilala juu ya meza inaikandamiza meza kwa karibu kiasi hicho. Ndiyo nguvu yote ambayo "hewa ya moto itapanda yenyewe" inayo mkononi. Karatasi moja! Nguvu dhaifu namna hiyo haiwezi kutoa hewa kileleni kama hakuna hewa nyingine inayoingia chini kuchukua nafasi yake. Tobolea kopo la maziwa tundu moja tu uone maziwa yanavyogoma kutoka. Mama yeyote anatoboa la pili bila kufundishwa na mtu.

Na mimi upenu wangu ulikuwa umezibwa kabisa kwa plastiki.

Kuhakikisha, nilichukua chetezo na ubani. Nilipanda nacho darini asubuhi, bado hapajawaka, nikakiweka juu ya bamba la bati katikati ya zile mbao, ndoo ya maji pembeni, na mjukuu wangu kasimama kwenye ngazi ameshika tochi. (Msiige bila ndoo ya maji.) Moshi ulipanda hadi chini ya kofia, ukatanda, ukakaa pale kama wageni waliokosa viti. Kidogo ulitoka. Mwingine ukaanza kurudi chini. Kisha nikashuka sebuleni, nikashika kijiti cha udi karibu na taa moja ya darini, na hapo ndipo nilipopata jibu ambalo sikulitarajia: moshi wa udi ulivutwa, ukapinda, ukaingia kwenye upenyo wa taa. Yaani ile hewa chache iliyokuwa ikitoka juu haikuwa imeingia kutoka nje ya nyumba. Ilitoka kwenye vyumba vyangu. Mwenye kiyoyozi aelewe hapo: hewa aliyoipoza kwa yuniti za umeme wa Luku inapandia kwenye taa kwenda kupoza popo.

Kwa hiyo kabla hamjawauzia watu kofia, waambieni watazame upenu. Kofia ni mlango wa kutokea. Wa kuingilia uko chini. Wa chini ukiwa mdogo kuliko wa juu, paa litatafuta hewa mahali pengine, na mahali pengine ni ndani kwako.

Pili, ukubwa. Wenzetu wa Marekani, ambako kofia za aina hii ni jambo la kila siku, kanuni zao za ujenzi wa nyumba zinataka uwazi wa sehemu moja kwa kila 150 za eneo la dari, na zinaruhusu ishuke hadi moja kwa 300 iwapo karibu nusu ya uwazi huo iko juu na iliyobaki iko chini. Niseme kwa haki kwamba kanuni hiyo haikutungwa kwa ajili ya joto kama letu. Ile ya moja kwa 300 iliingia kwenye masharti ya serikali yao mwaka 1942, baada ya majaribio ya unyevu yaliyofanywa Chuo Kikuu cha Minnesota mwishoni mwa miaka ya 1930. Hofu yao ilikuwa mvuke wa ndani kuganda chini ya paa wakati wa baridi na kuozesha mbao. Sisi hatuna barafu. Lakini kama kipimo cha kuanzia, si haba, kuliko kukisia.

Dari yangu ni mita za mraba 120. Gawanya kwa 300: unapata 0.4, yaani sentimita za mraba 4,000. Nusu juu, 2,000. Sasa nikachukua kipande cha kofia kilichobaki, nikaketi barazani na penseli, nikayahesabu matundu. Mita moja ilikuwa na matundu 100 kila upande, kila moja upana wa milimita 5. Tundu la milimita 5 lina eneo la chini kidogo ya sentimita ya mraba 0.2. Matundu 200 yanatoa kama 39 kwa mita. Kwa kilele changu cha mita 12, haifiki 480. Ndiyo hiyo kofia niliyoambiwa inapumua: chini ya robo ya kinachotakiwa. Na huko ndani walikuwa wamebandika wavu laini kama wa chandarua kuzuia wadudu, ambao baada ya miezi minne ya vumbi ulishakuwa kitambaa. Boksi lilikuwa na picha ya nyumba nzuri na mti wa mnazi. Idadi ya sentimita za uwazi haikuandikwa popote. Kama kuna mtu wa viwango anasoma barua hii, hapo ndipo pa kuanzia: kila kofia ya aina hii iandikwe uwazi wake halisi kwa mita, baada ya kutoa wavu, kama unga unavyoandikwa kilo.

Tatu, ambalo ndilo tamu kwangu, ni umbo. Tukumbuke kwamba upepo hauezui paa kwa kulisukuma kutoka juu. Unapoparamia paa na kuvuka kilele unaongeza mwendo, na pale juu na upande wa nyuma msukumo wa hewa unapungua. Hewa iliyo chini ya bati ndiyo inayolinyanyua. Nguvu hiyohiyo inayotupeperushia mabati shuleni kila mwaka ndiyo kofia nzuri inayoitumia, kwa kipimo kidogo, kuvuta hewa darini. Na ni nguvu ya kweli. Upepo wa mita tatu tu kwa sekunde, wa kuchezesha majani ya mwembe, ukigonga kitu uso kwa uso unatoa kama paskali 5. Karatasi yetu moja imekuwa sita au saba. Tanga hapa, kusi likivuma, upepo wa namna hiyo hatuuombi, tunao.

Lakini kofia niliyouziwa ilikuwa bapa, matundu yake yanatazama upande, wazi kabisa. Upepo ukija kutoka kusini unaingia kwenye matundu ya kusini, unakatiza chini ya kofia, unatokea kaskazini. Umepita kama mpita njia. Huko darini haukumgusa mtu. Na ikija mvua yenye upepo? Masika ile maji yaliingia njia hiyohiyo, na jipsamu ya chumba cha kulala ikaota doa la kahawia lenye umbo la Ziwa Tanganyika, refu na jembamba, hadi leo lipo.

Kinachotakiwa ni mdomo. Nitaeleza. Mbele ya uwazi, kwa nje, kuwe na ukingo wa bati uliokunjwa kuelekea juu, uende sambamba na kofia yote. Upepo ukiugonga ule ukingo unarushwa juu na kuvuka kofia badala ya kuingia. Nyuma ya ukingo, pale penye uwazi, unabaki mvuto. Hivyo hewa inatoka pande zote mbili hata kama upepo unatoka upande mmoja, na matone ya mvua yanagonga ukingo na kuteremka juu ya bati kama kawaida.

Niliuchora huo mdomo kwenye karatasi ya daftari, nikaenda Ngamiani kwa fundi bati mmoja, mtu wa makarai, ndoo na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Nilipomwonyesha mchoro aliinua macho akasema, "Shikamoo Mwalimu. Si ulinifundisha wewe?" Nilimfundisha, na sikumbuki kama alifaulu. Lakini alichukua bati bapa la geji 28 (ndio unene wake), akaliweka juu ya kipande chake cha reli, akalikunja kwa nyundo ya mti, tak, tak, tak, bila kupima mara ya pili, kisha akapuliza moshi wa sigara kwa chini ili aone unavyotoka. "Mwalimu, huu mdomo wako ni mfupi. Upepo utauruka na kurudi ndani." Akauongeza sentimita moja na nusu. Alikuwa sahihi kuliko mchoro wangu.

Kofia tuliyofunga imenyanyuliwa sentimita nne juu ya bati, juu ya vipande vya mbao vilivyopakwa dawa, na ncha zake mbili zimezibwa. Pale kileleni mabati ya pande mbili hayakutani. Yameachiana upana wa vidole viwili. Nalisema hili kwa sababu nimeona nyumba mbili mtaani ambako kofia ni nzuri, ya bei, lakini chini yake fundi amesogeza mabati yakakutana na kuziba migongo kwa sponji. Ni kama imefungwa juu ya ukuta, basi. Ndani tumeweka wavu wa chuma wenye matundu ya nusu sentimita hivi. Nyigu mdogo atapita, popo hapiti, na vumbi haligandi. Skrubu ni zile zenye mpira na zisizoshika kutu, kwa sababu chumvi ya bahari Sahare haina huruma.

Chini nilikata plastiki ya upenu, nikaacha mwanya wa sentimita mbili, mfululizo, pande zote mbili za nyumba, na wavu uleule. Mita 24 kwa sentimita mbili ni 4,800. Nikitoa wavu bado nina ziada kuliko juu, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Fundi alinibembeleza atoboe matundu ya duara kila baada ya mita, "yatapendeza zaidi." Mwanya mfululizo ni bora, kwa sababu kila nafasi kati ya kenchi na kenchi inapata hewa yake.

Likabaki dirisha dogo la gebo, ile pembetatu ya ukuta upande wa magharibi. Nilidhani ni nyongeza ya heri. Nikarudi na chetezo changu. Loo! Hewa iliingia kwenye gebo, ambayo iko karibu na kilele, ikaenda moja kwa moja kwenye kofia, ikatoka. Moshi wa kule chini karibu na upenu ukabaki umelala. Maji hupita panapotelemka, na hewa ni hivyo hivyo. Nikaziba gebo kwa gunia la mkonge, na papo hapo moshi wa chini ukaanza kusogea kupanda na mteremko wa bati. Kwa nyumba isiyo na kofia inayopumua, madirisha ya gebo yaacheni, ndiyo msaada wenu. Mkishafunga kofia kamili na upenu kamili, yazibeni.

Februari ya mwaka uliofuata, saa nane mchana: darini 44, nje 33. Tofauti ilikuwa 21, sasa 11.

Ningeweza kuishia hapo nionekane shujaa, ila nitakuwa nimewafanyia wasomaji lile lile alilowafanyia mwandishi wenu. Sebuleni, penye mimi, joto lilishuka nyuzi moja na nusu tu. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya joto la bati haifiki kwenye dari kwa kubebwa na hewa. Inamulika. Bati likichemka linamulika jipsamu kama jiko la mkaa linavyokuchoma uso ukiwa umekaa mbali nalo, na upepo ukipita katikati hauzuii kumulika. Hilo kofia hailiwezi, iwe na mdomo au isiwe nao. Nilitandaza karatasi ya foili chini ya bati, uso unaong'aa ukitazama dari na nafasi ya hewa kati yao, na hapo ndipo chumba kilipopungua tena nyuzi mbili na kidogo. Mjomba wangu aliyekuwa Pangani aliishi chini ya makuti, na mchana wa kaskazi alilala fofofo: kuti halichemki kama bati, na linapumua kila mahali. Shangazi akipika, moshi ulipenya paa zima, mgeni akadhani nyumba inaungua. Na lile banda la korona, mashine ya kuchakata mkonge, alikofanyia kazi baba yangu, kwenye shamba la mkonge, lilikuwa na paa lililokatwa kileleni na kunyanyuliwa kipaa kingine kidogo juu yake, urefu wote wa jengo. Watoto tukikiita kofia ya bwana mkubwa. Nilikuwa na miaka sitini na moja nilipoelewa kwamba bwana mkubwa alikuwa akivutiwa hewa.

Kuna wanaoniuliza kuhusu vile vibuyu vya chuma vinavyozunguka juu ya paa. Navyo vina haja ileile ya mlango wa chini; kuzunguka kwake kunafurahisha, hakuthibitishi kitu. Na kuna mpwa wangu Dar es Salaam aliyejenga paa la kuficha nyuma ya ukuta, ambako kilele chenyewe hakionekani wala hakipigwi na upepo. Huyo nimemwambia aanze na foili na rangi, aache kununua kofia.

Naomba basi, Mhariri, mchapishe masahihisho, si lazima yawe marefu. Mwambieni msomaji aulize mambo mawili dukani kabla hajatoa hela: kofia hii ina uwazi wa sentimita ngapi kwa mita, na mdomo wake uko wapi. Muuzaji akikosa majibu, msomaji arudi nyumbani akakate upenu kwanza. Hilo peke yake ni bei ya wavu na kibarua cha siku mbili.

Kuhusu rangi ya mkaa: niliichagua kwa sababu jirani alikuwa nayo. Mwakani, Mungu akijalia, napaka paa lote jeupe, likirudishe juani kile linachokimeza sasa. Binti yangu anasema nyumba itafanana na zahanati. Na ifanane.

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Sahare, Tanga